Droni juu ya msitu wa Buhindi: mdomo wa mrija wa hewa uelekee wapi?

RubaniWaIgoma

Wakuu, heshima kwenu.

Narusha droni hapa Mwanza kama kazi: viwanja vya watu Kisesa na Buhongwa, mashamba ya mpunga, na Jumamosi harusi, maana watoto lazima wale. Sasa kuna binti anasoma shahada ya uzamili kanifuata na kazi ambayo sijawahi kuisikia. Anataka nipandishe boksi lake juu ya msitu kule Buchosa, Shamba la Miti Buhindi. Nisimame hewani kama dakika kumi juu ya mipaina, nishuke, abadilishe mirija, kisha nihamie juu ya msitu wa asili. Ndani ya boksi kuna pampu ndogo, betri yake, na mirija miwili ya chuma yenye urefu wa kidole. Anasema miti inatoa kemikali hewani, pampu inazivuta, unga ulio ndani ya mrija unazinasa, halafu maabara wanaupasha mrija moto na mashine inataja jina la kila kemikali na kiasi chake.

Uzito si tatizo, boksi halifiki kilo moja. Kinachonisumbua ni upepo wa propela. Mimi nikitua kiwanjani vumbi linafika kwa jirani. Hiyo hewa tutakayoivuta ni ya msitu au ni ya propela zangu? Boksi nilifunge mgongoni mwa droni, nilining'inize kwa kamba chini, au mdomo wa mrija niutoe pembeni kwa fimbo?

Jambo jingine, nina sensa ya hewa ile ya MQ-135, bei yake haizidi sahani mbili za chips kuku. Nikiifunga inaleta namba moja kwa moja kwenye simu. Kwa nini tuhangaike na mirija ya kupeleka maabara? Nilimuuliza akacheka.

Halafu msimamizi wake kasema turushe saa sita mchana tu. Mimi saa sita siipendi, upepo wa ziwani unakuwa umeshaanza. Nipeni hoja, au mniambie ninyamaze.

Na bei jamani. Kiwanja najua kukichaji. Hewa naichajije?

KijanaWaMwaloni

Hewa ya msituni imefanya nini hadi ipandishiwe droni? Mwambie aje huku Mwaloni Kirumba magunia ya dagaa yakishushwa. Hatahitaji hata mrija.

MamaMirija

Mwangaluka wote. Mirija ya aina hiyo nimeishika miaka mingi, ila ya viwandani: gundi, rangi, vyumba vya kupulizia magari. Msituni kemikali ni kidogo mno, kwa hiyo uchafu ambao kiwandani hauonekani kabisa, kule ndio unageuka kuwa matokeo. Nitaandika kirefu, mwenye haraka apite.

Kijana wa Mwaloni, umetania lakini swali lipo. Miti haipokei hewa tu, inatoa pia. Inayoongoza ni isoprini, kaboni tano na haidrojeni nane, haina rangi na wala huisikii puani kwa viwango vya msituni. Makadirio ya dunia nzima ni tani milioni 400 hadi 600 za kaboni kwa mwaka zinazotoka kwenye mimea kwa njia ya isoprini peke yake. Ikikutana na moshi wa magari chini ya jua inasaidia kutengeneza ozoni ya huku chini, ile inayowasha mapafu na kuunguza majani ya mazao. Mipaina yenyewe haina habari sana na isoprini, inatoa monoterpini, kundi la kemikali zenye harufu, kama alfa-pinini. Ile harufu unayoipata ukivunja tawi la mpaina ndiyo hiyo. Hizo zikiunguzwa na ozoni hewani zinazaa chembechembe ndogo ambazo matone ya mawingu huweza kuanzia juu yake. Kwa hiyo mtu akipanda mipaina mahali palipokuwa na msitu wa asili, amebadilisha mbao na pia amebadilisha kilichomo hewani. Binti anauliza swali zuri.

Sasa sensa. Rubani, acha iende na harusi. MQ-135 imeundwa kwa viwango vya sehemu kwa milioni. Isoprini juu ya msitu ni sehemu chache kwa bilioni, yaani chini mara elfu. Tena sensa hiyo haitofautishi isoprini na moshi wa mkaa wala pombe ya mtu aliyesimama karibu, na unyevu ukipanda inapandisha namba. Asubuhi ya ukungu wa ziwani itakuambia msitu umelewa.

Mrija ni kitu kingine. Tuseme hewa ina isoprini sehemu 2 kwa bilioni. Pampu ya mililita 150 kwa dakika, kwa dakika kumi, imevuta lita moja na nusu. Isoprini yote iliyomo humo ni kama nanogramu 7. Mashine ya kromatografia ya gesi yenye spektrometa ya masi inaziona bila wasiwasi, na inazitenganisha na kila kitu kingine kilichonaswa. Hapo ndipo pesa ya maabara inapoenda.

Ila nanogramu 7 ni kitu kidogo cha kutisha. Chungwa likimenywa karibu na mnapobadilishia mirija, ganda linatoa limonini, nayo ni monoterpini. Utaandika kwamba mpaina wa Buhindi unanukia chungwa. Dawa ya kuchua misuli ina mafuta ya mkaratusi na kafuri. Maka peni ya kuandikia namba juu ya mrija ina kiyeyushi. Andikeni kwenye karatasi, mrija una namba yake imechongwa. Bodaboda izimwe mbali, upande upepo unakoelekea. Jenereta ya kuchajia betri vivyo hivyo. Na boksi la barafu la kuhifadhia mirija liwe jipya. Nasema hivi kwa sababu najua Mwanza yetu: boksi la barafu la kuazima limeshabeba sato na sangara, na harufu ile haitoki kwa sabuni. Vifuniko vya shaba vinazuia mengi, lakini mnavifungua humo humo.

Angalieni mshale uliochorwa kwenye mrija. Mirija mingi ya kazi hii ina tabaka mbili: mbele unga uitwao Tenax, unaonasa vitu vizito kama monoterpini na kuviachia kirahisi ukipashwa moto, na nyuma yake kaboni kali zaidi, kwa sababu isoprini ni nyepesi, inachemka kwenye nyuzi 34 tu, Tenax peke yake haiishiki. Hewa ikiingia kinyume, vitu vizito vinajichimbia kwenye kaboni na havitoki tena. Mrija umeharibika, na nje unaonekana mzima kabisa.

Mbele ya mrija kuwe na kichujio cha ozoni, kimelowekwa sodiamu thiosalfeti au potasiamu ayodaidi. Bila hicho ozoni inaendelea kula monoterpini ndani ya mrija wakati nyinyi mnadhani zimehifadhika. Bomba la kuunganishia liwe la PTFE, yaani tefloni. La silikoni linanyonya kemikali na kutoa zake.

Kuhusu saa: msimamizi ni sahihi, ila nusu. Isoprini inatengenezwa mwanga ukiwepo, inaongezeka joto likipanda, usiku inakatika. Kwa hiyo kati ya saa sita na saa nane mchana ndiyo kilele chake. Lakini mpaina huweka monoterpini kwenye utomvu na kuzivujisha usiku na mchana kufuata joto. Usiku hewa imetulia, tabaka la chini ni jembamba, haziunguzwi na jua, basi zinarundikana. Mara nyingi alfajiri utakuta monoterpini nyingi hewani kuliko mchana ingawa mti wenyewe unatoa kidogo. Ukipima mchana tu, unaupendelea msitu wa asili na kuudhulumu mpaina. Rukeni saa kumi na mbili asubuhi na saa saba mchana. Hoja yako hiyo hapo, Rubani.

Na hili ndilo ninaloliona kubwa kuliko mdomo wa mrija uelekee wapi. Namba moja ya hewa ya Buhindi haimfai mtu. Droni ina thamani kwa sababu inahama. Kule Manaus, Brazili, watafiti wa Harvard na wenzao wa chuo kikuu cha jimbo la Amazonas walitumia droni ya DJI Matrice 600 yenye boksi kama lenu, wakachapisha 2019. Walilinganisha msitu wa uwanda wa juu na msitu wa mteremko, mita mia kadhaa tu kati yao. Isoprini juu ya uwanda ilizidi ya mteremkoni kwa kiasi kikubwa. Msitu ule ule kwa macho yetu mimi na wewe! Huko huko Amazon kuna mnara wa ATTO, mita 325, unapima hewa kutoka chini hadi juu vizuri mno, lakini mnara hauendi mteremkoni.

Shida ni kwamba ukipima mipaina saa sita kamili na msitu wa asili saa saba, jua limebadilika, wingu limepita, na tofauti unayoiona huenda ni ya saa, si ya miti. Fanyeni zamu: mipaina, asili, mipaina, asili. Na pampu ya pili ibaki mahali pamoja chini siku nzima, ikibadilishwa mirija kila mnaporuka. Hiyo ndiyo itakayosema jua lilikuwaje.

RubaniWaIgoma

Mama, shikamoo. Nimesoma mara mbili. Sensa nimeirudisha kwenye droo.

Bado propela. Nikisimama juu ya miti, upepo wangu unaenda chini unagonga majani unarudi. Nani kati yenu amewahi kufunga kitu cha kunyonya?

NahodhaUkerewe

Niko Nansio. Droni huku si habari: 2018 kampuni ya usafirishaji DHL, shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ na watengeneza droni Wingcopter walikuwa wakileta dawa kutoka Mwanza, kilomita 60 juu ya maji kwa dakika 40 hivi. Ila ile ilikuwa ya mabawa, sifa yake ni kwenda. Yako sifa yake iwe kusimama.

Propela inavuta hewa kutoka juu na pembeni, inaitupa chini. Kwa hiyo usining'inize kamba. Kamba fupi iko ndani ya upepo wako mwenyewe, kamba ndefu inayumba na siku moja itashika tawi. Funga boksi katikati chini kwa ajili ya mizani, lakini bomba la kuvutia lipande juu, mdomo uwe juu ya usawa wa propela, au litoke kwa fimbo ya kaboni mlalo hadi lipite ncha za propela. Mimi nachagua juu, fimbo ya pembeni inavuta droni upande mmoja na motor za upande huo zinachoka.

Hata hivyo usijidanganye kwamba unapima nukta. Umekoroga hewa, unachokipata ni wastani wa tabaka la mita kadhaa. Kwa kulinganisha misitu inatosha. Kaa mita kumi au zaidi juu ya majani. Ukishuka kuliko hapo unayapiga majani, na jani lililochubuka linatoa harufu zake za majeraha ambazo mti uliotulia hautoi.

Upepo wa ziwani: mchana unatoka majini kuja nchi kavu, usiku na alfajiri unageuka. Piga hesabu. Upepo wa mita 2 kwa sekunde, kwa dakika tano, umeleta hewa kutoka mita 600. Ukisimama mita 100 ndani ya mipaina kutoka ukingoni, hewa unayovuta inaweza kuwa ya shamba la mihogo au ya maji matupu. Ingia ndani, uwe na mipaina mingi upande upepo unakotoka, na ubadilishe sehemu ya kusimama alfajiri na mchana, maana upepo umegeuka. Funga kitambaa kwenye mti karibu na unapotua uone, usiamini programu ya simu.

Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa imepungua uzito zaidi ya sehemu moja ya kumi. Dakika za betri zilizoandikwa kwenye boksi la droni ni za usawa wa bahari bila mzigo. Panda, simama, na rudi ukiwa na asilimia 30. Karibu na ufukwe kuna kwazi, yule tai mla samaki. Akiwa na kiota hapendi mgeni anayenguruma, na yeye ndiye mwenye anga.

Vibali unavijua wewe: TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kwa droni, na msitu ule ni wa TFS, wakala wa misitu, barua iwafikie kabla hamjafika. Viongozi wa vijiji jirani nao waambiwe. Mtu akiona kitu kinanguruma juu ya msitu saa kumi na mbili asubuhi hafikirii isoprini.

MamaMirija

Nahodha kanikumbusha. Hewa ya hapa ikiwa nyepesi, lita ya Mwanza si lita ya Dar es Salaam. Presha yetu ni kama hektopaskali 885, ya baharini 1,013. Kama pampu inahesabu lita kwa ujazo tu, andikeni presha na joto la kila mruko, hesabu ibadilishwe baadaye. Binti asipofanya hivyo namba zake zote zitakuwa chini ya wenzake kwa asilimia kumi na kitu, na mtu wa nje atasema misitu ya Ziwa Victoria ni mivivu.

MwanafunziWaHewa

Shikamoo Mama, salaam kaka Rubani na Nahodha. Ndiye mimi niliyecheka habari ya sensa. Sikujua nyuma yangu kuna mjadala mzito hivi.

Pampu yangu inahesabu ujazo tu, kwa hiyo nimeagiza kisensa cha presha na joto, kitakaa pembeni ya pampu. Kichujio cha ozoni ninacho. Mshale, Mama, nimechora upya kwa kuchonga na sindano baada ya kusoma.

Swali langu: nina mirija 24 tu iliyosafishwa, na kila mruko unakula miwili, wa pili ni wa kuhakiki wa kwanza. Nilitaka sehemu tatu: mipaina mikubwa, mipaina michanga na msitu wa asili, alfajiri na mchana. Sasa mkinipa zamu pamoja na pampu ya chini, mirija haitoshi. Nipunguze ile mitupu, isiyovuta hewa, ya kuhakiki usafi? Na pampu niiwashe ardhini au juu?

MamaMirija

Marahaba mwanangu. Mitupu usiiguse. Mrija mtupu unaofunguliwa, unapandishwa na droni bila pampu kuwashwa, kisha unafungwa, ndio ushahidi pekee kwamba ulichokipata hakikutoka kwenye plastiki ya droni yenye joto, gundi ya boksi au mikono yenu. Weka minne: miwili ya kuruka, mmoja wa kufunguliwa chini, mmoja usiofunguliwa kabisa unaosafiri tu.

Punguza sehemu. Mipaina michanga ifute. Baki na mipaina mikubwa na msitu wa asili, zamu mbili mbili, alfajiri na mchana. Hiyo ni miruko minane, mirija 16. Minne mitupu, 20. Iliyobaki minne ndiyo ya pampu ya chini, mmoja kwa kila jozi ya miruko, kwa hiyo hiyo iendeshe polepole ivute muda wote wa jozi. Umefika 24 na hujabaki na hata mmoja wa kuanguka, kwa hiyo msianguke.

Ukitaka kumridhisha msimamizi, mweleze kwamba sehemu mbili zilizopimwa vizuri zinaandikika. Tatu bila mitupu, mkaguzi wa jarida atakurudishia.

Pampu iwake juu. Weka kipima muda au swichi ya rimoti: droni ikifika, isimame dakika moja hewa itulie kwenye bomba, ndipo pampu ianze, izimwe kabla ya kushuka. Ikiwaka chini unavuta vumbi la kurukia na jasho la Rubani.

KijanaWaMwaloni

Sawa, nimeelewa. Nabeba betri nikipewa chakula.

RubaniWaIgoma

Jasho la Rubani limechukuliwa kwa uzito unaostahili.

Bei nimeamua hivi, mtanisahihisha: sichaji kwa siku wala kwa picha, nachaji kwa betri. Kila mruko ni betri moja nzima na tahadhari yake. Miruko minane ya mirija yenye hewa, na miwili ya mitupu nitafanya nusu bei kwa sababu hakuna dakika kumi za kusimama. Kulala Nyehunge ni juu ya mwenye utafiti, maana saa kumi na mbili asubuhi siwezi kutokea Igoma.

Bomba nitalipandisha juu kama Nahodha alivyosema. Kesho najaribu kwanza uwanjani na boksi la uzito huo huo lenye mchanga, nione betri inadumu dakika ngapi nikibakiza asilimia 30. Dakika zikiwa pungufu, tutavuta dakika nane badala ya kumi. Mama, itafaa?

MamaMirija

Nane inafaa. Muhimu zote ziwe nane.

RubaniWaIgoma

Basi. Binti, tunavuka kwa kivuko cha Kamanga au tunapita daraja la Kigongo?

MwanafunziWaHewa

Darajani kaka. Kwenye kivuko tutakaa katikati ya magari yanayounguruma, na mirija nataka ifike Buchosa haijakutana na dizeli. Boksi jipya la barafu nimeshanunua, nitapanda nalo kiti cha mbele.

RubaniWaIgoma

Kiti cha mbele kina rimoti na betri. Mtagawana.